Kufyonza, Kufungia au Kuvunjavunja: Mimea, Vijiumbe na Lugha ya Kuokoa Ardhi Iliyochafuliwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mimea na vijiumbe vya udongoni vinavyotumiwa kuokoa ardhi iliyoharibiwa na mafuta au madini yenye sumu. Aidha, yanachunguza istilahi tunazozitumia katika Kiswahili kuelezea kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba kitenzi 'kusafisha', ambacho ndicho hutumika zaidi, kinaficha tofauti ambayo maisha ya watu yanaitegemea: tofauti kati ya sumu iliyoondolewa, sumu iliyoangamizwa na sumu iliyofungiwa mahali ilipo. Kiswahili tayari kina vitenzi vya kuitambulisha tofauti hiyo. Kazi yetu ni kuvitumia kwa makini.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wakati huo hawakuwa wamekutana na betri za magari. Maji yaliyomwagika hukauka, mambo yakaisha; madini ya risasi yakimwagika hayazoleki na wala hayakauki. Hubaki udongoni pale yalipoangukia, yakawangoja watoto wanaocheza mchangani na akina mama wanaofagia nyua.

Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, katika eneo la Jomvu mjini Mombasa, wanalijua jambo hili kuliko sisi tulioko vyuoni. Kati ya mwaka 2007 na 2014, kando ya makazi yao palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi wa tanuri na maji machafu viliingia kijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kiwango cha risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru kilikaribia mara mbili ya kile cha watoto wa kijiji kingine cha Mombasa kiitwacho Bangladesh. Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliongoza harakati za wakazi, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ya wakazi hao ilisimama juu ya haki ya mazingira safi na salama, inayotajwa katika kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hata hivyo, kwa makusudi ya makala haya, agizo lenye uzito zaidi katika hukumu ya 2020 ni jingine: kwamba udongo na maji ya kijiji visafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo shilingi milioni 700 zilipwe kwa ajili ya kazi hiyo.

Visafishwe. Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia neno hili hana budi kuuliza: visafishwe vipi? Nguo husafishwa kwa sabuni, na uchafu ukaenda na maji. Je, udongo wenye risasi husafishwaje, na uchafu wake huenda wapi? Swali hili linaonekana kuwa la kemia tu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ni swali la lugha pia.

2.0 Uchafu wa aina mbili

Kabla ya kujadili mimea na vijiumbe, ni muhimu kutofautisha aina mbili za uchafu.

Aina ya kwanza ni ule ulioundwa kwa kuunganishwa kwa elementi, hususan kaboni na haidrojeni. Mafuta ya petroli, dizeli na baadhi ya dawa za kuulia wadudu zimo katika kundi hili. Molekuli za uchafu huu zinaweza kuvunjwavunjwa hadi zikabaki hewa ya ukaa na maji. Uchafu wa namna hii, kwa hakika, unaweza kwisha.

Aina ya pili ni metali: risasi, zebaki, kadimiamu, shaba, nikeli. Aseniki, ingawa si metali kamili, huwekwa pamoja nazo. Hizi ni elementi zenyewe. Hakuna mmea, bakteria wala tanuri linaloweza kuivunja risasi ikawa kitu kingine. Unaweza kuihamisha, kuibadilisha umbo la kikemia ili isiyeyuke kwa urahisi, au kuifunika. Huwezi kuimaliza.

Tofauti hii ndiyo msingi wa kila kitakachofuata. Anayeahidi kwamba vijiumbe vitaila risasi ama hajui asemalo, ama anajua na anauza kitu.

3.0 Kazi ya vijiumbe: kuvunjavunja

Udongo wenye afya umejaa bakteria na kuvu. Baadhi yao wana uwezo wa kutumia mafuta kama chakula, maana mafuta yalikuwa yakichuruzika kutoka ardhini na chini ya bahari karne nyingi kabla ya binadamu kuchimba kisima cha kwanza. Kwa hivyo, mara nyingi hapahitajiki kuleta vijiumbe kutoka mbali. Wenyeji wapo, wanachokosa ni mazingira ya kufanyia kazi.

Mfano maarufu ni wa Alaska. Mnamo Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipasuka na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Katika sehemu za pwani, wataalamu walinyunyiza mbolea yenye naitrojeni na fosforasi juu ya mawe yaliyopakwa mafuta. Mafuta yana kaboni tele lakini hayana virutubishi hivyo viwili, nayo bakteria haiwezi kujenga mwili wake bila ya virutubishi hivyo. Mbolea ilipoongezwa, bakteria wa pale pale waliongeza kasi ya kuyavunja mafuta.

Kwenye nchi kavu, kanuni ni zile zile. Udongo wenye mafuta hutandazwa kwa kina kifupi, hupinduliwa mara kwa mara ili hewa iingie, hutiwa maji kiasi na kuongezwa mbolea. Mkulima ataitambua kazi hii mara moja, kwa kuwa ndiyo anayoifanya kila msimu. Mimea pia husaidia: mizizi hutoa sukari na asidi hafifu zinazowalisha bakteria walio kando yake, na idadi yao pale mizizini huwa kubwa kuliko katika udongo mtupu.

Hata hivyo, vijiumbe vina mipaka. Huhitaji hewa, unyevu, joto la wastani na muda. Mafuta yakizama ndani sana, mbinu ya kupindua udongo haiyafikii. Katika eneo la Ogoni nchini Nijeria, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliripoti mwaka 2011 kwamba katika sehemu nyingi mafuta yalikuwa yamezama mita 5 au zaidi, na kwamba kuirejesha hali ya eneo hilo kungechukua kati ya miaka 25 na 30. Hapa kwetu, wakazi wa Thange katika Kaunti ya Makueni waliona mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba mwaka 2015 yakiingia katika udongo na maji yao. Kwao, kuambiwa kwamba bakteria 'watasafisha' kunatosha tu ikiwa wanaambiwa pia kina, muda na vipimo vitakavyothibitisha kwamba kazi imekwisha.

4.0 Kazi ya mimea: kufyonza, kuchuja, kufungia

Mimea hufanya kazi zaidi ya moja, na ni hapa ambapo neno moja 'kusafisha' linatuponza.

Kwanza, kuna kufyonza. Mmea huvuta metali kwa mizizi, ukaipandisha hadi kwenye shina na majani, kisha majani huvunwa na kuondolewa. Mimea mingi huiepuka metali, lakini michache huikusanya kwa wingi wa kustaajabisha. Katika kisiwa cha Kaledonia Mpya kuna mti uitwao kitaalamu Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake una rangi ya kijani-buluu kwa sababu takriban robo ya uzito wake mkavu ni nikeli. Mwaka 2001, watafiti wa Florida nchini Marekani walitangaza kwamba kangaga aitwaye Pteris vittata, aliyeota mahali palipochafuliwa kwa dawa ya kuhifadhi mbao, alikusanya aseniki katika majani yake kwa kiwango kilichozidi mara nyingi kile cha udongo aliosimamia.

Pili, kuna kuchuja, kazi inayofanyika majini. Mwaka 1994, karibu na kinu cha nyuklia cha Chernobyl nchini Ukraine, alizeti zilioteshwa juu ya vyelezo katika kidimbwi, mizizi ikining'inia majini ili inase siziamu na strontiamu. Jaribio hilo lilifaulu, na alizeti ikapata sifa duniani kote. Baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011, Wajapani wengi walipanda alizeti kwa matumaini yayo hayo. Lakini safari hii siziamu ilikuwa katika udongo, imeshikamana na chembe za mfinyanzi. Wizara ya Kilimo ya Japani ilipopima, ilikuta kwamba alizeti ilikuwa imevuta sehemu 1 tu kati ya 2,000 ya siziamu hiyo. Ua ni lile lile. Kitenzi ndicho kilichobadilika. Lililoweza kuchuja maji halikuweza kufyonza udongo.

Tatu, kuna kufungia. Hapa mmea hauondoi chochote. Mizizi yake hushika udongo usipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na mvua, na majani hufunika uso wa ardhi. Mmea unaofaa kufungia ni ule ambao hauipandishi sumu majanini, yaani kinyume kabisa cha mmea unaofaa kufyonza.

Mfano mzuri unapatikana miongoni mwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili, huko Lubumbashi katika Kongo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mjini humo mwaka 1911, na moshi wake ukaacha shaba na metali nyinginezo katika udongo wa vitongoji vilivyo upande unakovuma upepo. Katika kitongoji cha Penga Penga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao waliijaribu nyasi ya kienyeji, Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mboji. Chokaa hupunguza asidi ya udongo, mboji hushika shaba, na nyasi ikapata nafasi ya kuota. Lengo lao halikuwa kuiondoa shaba bali kuituliza.

Eneo hilo la Katanga lina funzo jingine. Humea huko mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, unaostahimili udongo wenye shaba nyingi mno. Wanaakiolojia waliutumia kama alama: palipo na ua hilo, huenda pakawa na mabaki ya matanuri ya kale ya wafua shaba. Karne zilipita, matanuri yakaporomoka, na shaba ikabaki pale pale. Ua hilo ni ushahidi wa jinsi metali isivyosahau ilipomwagwa.

5.0 Hesabu ya risasi

Turudi Owino Uhuru. Je, tungepanda alizeti au haradali ili kuifyonza risasi? Hesabu ya mfano itatusaidia.

Chukua shamba la hekta 1. Udongo wake wa juu, kwa kina cha sentimita 20, una ujazo wa mita 2,000 za ujazo. Tukikadiria kwamba kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 1.3, udongo huo ni tani 2,600. Tuchukulie kwamba kila kilo ya udongo ina miligramu 1,000 za risasi. Basi shamba lina kilo 2,600 za risasi. Tuseme tunataka kuishusha hadi miligramu 400 kwa kilo, kiwango kilichotumika Marekani kwa miaka mingi kwa sehemu za michezo ya watoto, kabla ya mwongozo wa mwaka 2024 kukipunguza hadi 200. Tutalazimika kuondoa kilo 1,560.

Sasa tuseme tunavuna tani 10 za mimea mikavu, na kila kilo ina miligramu 100 za risasi. Kila mavuno yataondoa kilo 1. Tutahitaji mavuno 1,560. Tukivuna mara mbili kwa mwaka, tutamaliza baada ya miaka 780.

Sababu ni kwamba risasi hushikamana sana na udongo na kwa kawaida huishia mizizini. Zipo kemikali za kuilegeza ili mmea uivute zaidi, lakini risasi iliyolegezwa inaweza kuteremka na mvua hadi kwenye maji ya visima. Isitoshe, mavuno yenyewe huwa ni taka ya sumu. Yakichomwa ovyo, sumu hurudi hewani. Yakiachwa kando ya njia, mbuzi hatasoma bango la onyo.

Kwa hivyo, kwa risasi, njia zinazoaminika ni mbili. Moja ni kuuchimba udongo na kuuhamishia mahali salama, kisha kuleta udongo safi. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika jimbo la Zamfara nchini Nijeria, ambako kuanzia mwaka 2010 ilibainika kwamba mamia ya watoto walikuwa wamefariki kutokana na risasi iliyotoka katika uchakataji wa dhahabu vijijini. Nyingine ni kuifungia. Katika mtaa wa South Prescott mjini Oakland, Marekani, mwaka 2011 wataalamu walichanganya udongo wa nyua na unga wa mifupa ya samaki. Fosfati iliyomo katika mifupa huungana na risasi, ikawa aina ya madini isiyoyeyuka kwa urahisi tumboni mwa mtoto aliyemeza vumbi. Juu yake nyua zikafunikwa kwa udongo safi na nyasi. Risasi imo bado, lakini imefungwa.

6.0 Lugha inapoponza

Kutokana na maelezo hayo, yapo mambo matatu ya lugha yanayostahili kujadiliwa.

Kwanza ni neno 'risasi' lenyewe. Sentensi 'Watoto wa kijiji hiki wana risasi mwilini' inaweza kumfanya msikilizaji afikirie bunduki. Neno asilia la Kiarabu nalo lina maana zote mbili, kwa kuwa risasi za bunduki zilisubuliwa kwa madini hayo. Wapo wanaopendekeza 'ledi' ili kuuondoa utata. Maoni yangu ni kwamba 'ledi' huondoa utata kwa kuondoa maana pia: mama asiyesoma kemia hatalihusisha na kitu chochote anachokijua. Inatosha kusema 'madini ya risasi' au 'sumu ya risasi' katika kutaja mara ya kwanza, na ikiwezekana kuongeza 'ile iliyomo ndani ya betri'.

Pili ni neno 'vijidudu'. Katika matangazo ya sabuni na mafunzo ya afya, vijidudu ni adui wa kuuawa. Mtaalamu anayewaambia wakazi kwamba atalisha vijidudu katika udongo wao asishangae akifukuzwa. Neno 'vijiumbe' halina lawama hiyo, mradi tusiliambatanishe na 'maradhi' kwa mazoea.

Tatu, na ambalo ni zito zaidi, ni kitenzi 'kusafisha'. Tazama jinsi Kiswahili kinavyoweza kutofautisha kazi tulizoziona:

Kufyonza: sumu inatoka udongoni na kuingia katika mmea. Tunazaa nomino 'ufyonzaji kwa mimea'. Swali linalofuata ni: mavuno yatapelekwa wapi?

Kuchuja: sumu inanaswa kutoka majini. Tunapata 'uchujaji kwa mizizi'. Swali ni: mizizi itatupwa wapi?

Kuvunjavunja: sumu inakoma kuwa sumu. Tunapata 'uvunjaji kwa vijiumbe'. Swali ni: kazi itachukua muda gani, na nani atapima?

Kufungia: sumu inabaki, ila haisambai. Tunapata 'ufungiaji kwa mimea'. Swali ni: nani atalinda kifungo hicho, na hadi lini?

Msomaji ataona kwamba kila kitenzi kinakuja na swali lake. Hiyo ndiyo faida ya istilahi iliyojengwa kwa mzizi unaojulikana. Neno la kukopa kama 'fitorimediesheni' halimpi mkazi swali lolote la kuuliza, linamnyamazisha. Na 'kusafisha' linamfariji kabla ya wakati. Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Udongo wenu umesafishwa kwa mimea.

(b) Sumu ya risasi imefungiwa udongoni kwa mboji na nyasi. Bado imo. Msichimbe hapa, msipande mchicha hapa, na nyasi zikikauka tuarifuni.

Kazi iliyofanywa kiwanjani inaweza kuwa ile ile. Lakini aliyeisikia (a) atapanda mchicha, na aliyeisikia (b) hataupanda. Kati ya sentensi hizi kuna damu ya mtoto.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mimea na vijiumbe vina uwezo mkubwa, na kwamba uwezo huo una mipaka inayotegemea aina ya uchafu. Mafuta yanaweza kuvunjwavunjwa. Baadhi ya metali zinaweza kufyonzwa. Risasi, kwa kawaida, hufungiwa au kuhamishwa pamoja na udongo wake. Yote haya yanaelezeka kwa Kiswahili bila kukopa zaidi ya majina ya elementi.

Baadhi yetu tumezoea kudhani kwamba sayansi ni ya wengine, na sisi wa fasihi tumeachiwa mashairi na riwaya. Lakini TUKI ilipochapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ilikuwa imethibitisha kwamba kazi hii ni ya wanaisimu na wanasayansi kwa pamoja. Sisi tuliofunzwa kupima kivuli cha maana ya neno katika ubeti mmoja tuna ujuzi unaohitajika kijijini. Wito wangu kwa wanachama wenzangu ni mdogo na unatekelezeka: kila mmoja achukue ripoti moja ya mazingira inayohusu eneo analotoka, aisome, kisha aiandike upya kwa Kiswahili ambacho mzazi wake ataelewa. Palipoandikwa 'kusafisha', aulize ni kitenzi gani kati ya vile vinne kilichokusudiwa. Asipopata jibu katika ripoti hiyo, basi amegundua jambo ambalo wakazi wana haki ya kulijua, na swali hilo alipeleke kwa walioiandika.